Siku Tuliyokunja Madigadi

Española, New Mexico

Mdogo wangu Eloy,

Huku tunaendelea hivyo hivyo. Pilipili zimeiva na Mama amezianika juani.

Tangu ulishushe gari lako likaribie kugusa ardhi, tairi za nyuma hukwaruza madigadi kila akipanda mtu. Juzi Baba aliniita tuukunje ukingo wa madigadi kwa ndani. Nilipasha rangi moto isipasuke, naye akabana rola ya kukunjia bati na kuisukuma polepole.

"Shika vizuri, we mvivu! Si ulilishusha mwenyewe? Sasa jasho likutoke."

Ndipo nikajua ananidhania ni wewe. Ugonjwa wa kusahau umemzidi.

Akaiacha rola. "Eloy, mwanangu, nilikufukuza kwa hasira tu. Nisamehe."

"Yamekwisha, Baba," nikamjibu. Alilia kama mtoto.

Jana tulizunguka mjini, Mama amekaa nyuma, na tairi hazikukwaruza hata kidogo. Baba akauliza, "Gari zuri hili. La nani?"

Eloy, nimemsamehe kwa niaba yako bila kukuuliza. Kama nimekosea, njoo umwambie mwenyewe, angali analikumbuka jina lako.

Dada yako akupendaye,
Delfina