Uji Ule Nilikupa Mimi

Jumapili, 14 Juni 2026. Kahama tumeamka na baridi, upepo unarusha vumbi hadi mlangoni pa jikoni.

Mwaka umetimia, Baba Eliya, tangu Mungu alipokuita. Kwenye karasha bado wanakutaja. Mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ikigoma, wanasema fundi Thobias angeisikiliza kwanza kabla ya kushika spana. Hata nyumbani ulikuwa hivyo.

Leo nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, na naandika kwa aibu.

Picha ya CT ilishaonyesha uvimbe kwenye pafu lako. Tukatumwa Dar es Salaam kwa kipimo kipya, kinachounganisha CT na sukari yenye mionzi inayochomwa kwenye mshipa. Daktari alitueleza kwamba seli za saratani hula sukari kwa pupa, kwa hiyo picha huonyesha zilipojificha. Karatasi ya masharti nilipewa mimi, maana macho yako yalikuwa yamechoshwa na kuchomelea vyuma.

"Shemeji, umeisoma?" aliniuliza mdogo wako Donatus.

"Nimeisoma."

Sikujua kusoma. Hata wewe hukujua hilo. Kanisani nilikuwa nafungua kitabu cha nyimbo na kuimba nilizokariri. Asubuhi ya kipimo nikakupikia uji wa maziwa, nikatia sukari nyingi upate nguvu. Karatasi ilisema usile chochote kwa saa sita.

Nesi alipima sukari kwenye damu, akatikisa kichwa. "Baba, nani kakupa chakula?"

Ukanitazama. Nilikuwa nimeinama.

"Nimejipa mwenyewe, sista. Tumbo la Msukuma halijui masharti."

Akacheka, akatupangia tarehe nyingine, wiki tatu mbele. Kwenye benchi hukunigombeza. Ulisema tu, "Mama Eliya, tukirudi uende darasa la jioni."

Picha ya pili ilikuta ugonjwa umefika kwenye ini na mifupa. Daktari alisema hadhani wiki tatu zile zilibadilisha kitu. Hilo namwachia Mungu. Lakini msibani Donatus alisimulia jinsi ulivyoponzwa na uji, watu wakacheka huku wanalia, nami nikanyamaza. Mwaka mzima nimekuacha ubebe ulafi usio wako. Nimesali rozari nyingi nikilizunguka jambo hili bila kuligusa.

Wanaokukumbuka ni mama yako Mayu Ng'washi, Donatus, dada yako Dorah, mwanao Eliya, na mimi mkeo Paskazia. Siku zote utakuwa nasi.

Asubuhi hii, kabla ya misa, nimewasomea wote haya. Donatus akasema, "Shemeji, kumbe nilikuwa namcheka bure." Nikasimama mbele yao, nikasema kwa sauti: "Thobias alijisingizia ili mimi nisiaibike. Yeyote atakayesimulia vingine, iwe sokoni au kanisani, nitamsahihisha palepale. Mungu na ninyi ni mashahidi wangu."