Système mupya mu simu ya Ya Chantal

Alhamisi. Baridi ya mwezi wa saba iko inauma, vumbi ya quartier yetu, Hewa Bora, imeingia mpaka mu chai yangu, na miye siwezi kuikala fasi moja. Naikala, nasimama, naenda ku mlango, narudia.

Simu ya dada yangu mukubwa, Ya Chantal, iko pa meza. Inatembea muzuri kabisa. Njo ile inaniumiza.

Mwenye hanijue, ajue leo: mu quartier iyi, simu yote yenye bantu balishakatia tamaa inapitaka mu mikono yangu. Masomo niliiacha katikati, lakini nilishafika Lusaka, nilishafika Dar, câble hainitishe. Simu ya Ya Chantal ilizeeka, WhatsApp ikaanza kuikataa. Nikamwambia: "Leta. Utazania umeinunua Dubai."

"Weye na kinywa yako! Nyimbo za Papa Denis ziko mule. Usinichezee."

"Ya Chantal, miye naanza leo?"

Papa Denis njo anafundishaka kwaya ya parokia yenye dada anaimbaka, kule commune ya Kenya, hapa hapa mu muji. Noti hajue kuandika. Alikuwa anaimba wimbo mupya mu simu ya dada, kisha kwaya inajifunza kwa kusikiliza. Alikuwa. Tangu badocteur balimupasua koo, sauti haikurudia.

Kuingiza système ya kando, yenye haikutoka na simu ku fabrike, lazima kwanza ufungue kufuli ya ndani ya simu, na ile kufuli ikifunguka, inafuta byote byenye biko ndani ya simu. Nilijua. Nikatoa carte mémoire, ile kadi kidogo ya kuchunga vitu, nikaiweka mu mufuko kama docteur. Kwangu nyimbo zinaikalaka mu carte. Sikuangalia kama na kwake ni vile.

Mu carte muko picha za ndoa, basi. Nyimbo zilikuwa mu simu yenyewe.

Système iliingia bila hata kosa moja. Kazi muzuri kupita zote nilishafanya, na hakuna wa kumwonyesha.

Dada alipofika nilimwambia mbele aguse simu. Ya Chantal anapigaka kelele hata juu ya chumvi. Leo hapana. Alifunga kitambaa yake ku kichwa, akasema tu: "Utaenda weye mwenyewe kumwambia Papa Denis." Akatoka.

Nyimbo za zamani kwaya inazijua. Lakini ile ya mwisho, yenye aliimba mbele ya kwenda hospitali, balikuwa banaichungia Noeli. Hakuna mutu alishajifunza, na ilikuwa mu simu ile tu.

Kesho asubuhi naenda kwa Papa Denis, kule Kenya. Miye mwenye nilishachekesha mpaka baaskari ba ku mpaka, niko natafuta neno la kwanza tangu muchana.

Atanipa kiti, njo namna yake. Atangojea niongee.

Nitaanzia wapi?