Bangili za Waya Wako

Baba,

Nimechukizwa. Naanza hapo kwa sababu salamu zimenishinda. Nakuandikia kwa kile Kiswahili chako cha kiwanda cha chai, maana kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, nitatukana, na wewe hukupenda matusi.

Tulikuzika Alhamisi, kando ya migomba. Mdogo wako Ombati alisimama kaburini akajifuta machozi, akasema radi iliyokuua ilitumwa na Mama Kemunto, jirani yetu mjane. Eti alimwona akitazama mawingu. Nani hatazami mawingu hapa Kebirigo akiwa ameanika maua ya pareto? Lakini watu wakaguna, "Ee, ni yeye." Jioni mlango wake ukavunjwa kwa mawe. Mama Kemunto, Baba! Aliyekuletea uji ulipougua malaria!

Sasa sikiza. Ombati alipoinua mkono kutupa udongo, niliona bangili ya shaba, mpya, inang'aa. Nikamtazama mkewe: bangili. Watoto wao wote: bangili. Nikaenda nyuma ya nyumba, pale waya wako mnene uliposhuka kutoka kwenye chuma cha paani hadi ardhini, pale ulipotuambia tumwage maji ya vyombo pasikauke, radi ipate kuzama ardhini. Waya uliishia hewani, usawa wa goti langu. Umekatwa kwa panga.

Nilimuuliza. Hata haya hakuona. Mganga alimwambia shaba kutoka nyumba ya ndugu inakinga radi. Yaani alikata waya unaotukinga na radi ili ajitengenezee bangili za kukinga radi! Ptu! Nilitema mate mbele yake, na ningetema tena.

Mawingu yakitanda upande wa Manga ulikuwa unatufokea, "Chomoeni waya wa redio! Kaeni mbali na ukuta!" Siku ile uliinuka kuuchomoa mwenyewe. Mkono wako, Baba... Basi. Siwezi.

Jana watu walipotoka kanisani niliwaita nyuma ya nyumba, Ombati akiwemo, nikashika kile kipande kilichobaki kando ya bangili ya Ombati. Unene mmoja. Kisha wale wale waliorusha mawe wakaanza kuulizana habari za ng'ombe. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuomba radhi. Wananichukiza, na kesho nitakutana nao sokoni wakinichekea.

Mama Kemunto analala kwetu mpaka mlango wake utengenezwe. Leo baada ya chakula alichukua karai la maji ya vyombo, akaenda kuyamwaga pale pale pako, ingawa waya haupo. Sikumzuia. Nililia kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Pumzika, Baba. Rafiki yako wa kiwandani ameahidi kuniletea waya mwingine. Nakuahidi waya huo utaingia ardhini kabla mvua kubwa hazijaanza, na shimo lake atalichimba Ombati, Mama Kemunto akiwa amesimama hapo anamtazama.

Binti yako,
Kwamboka