Spika ya Sebuleni kwa Femke

Riet, Tineke kanipigia sasa hivi akilia. Aibu, shoga!

Leo Femke, mke wa mwanawe, alikuwa na sikukuu ya kuzaliwa. Wageni wamekaa duara, kila mtu kipande kimoja cha keki, kisha keki ikarudi kwenye friji.

Tineke akaingia chooni, akamrekodia dadake ujumbe wa sauti kwa simu: "Keki kavu kama sifongo, na bado kaninyima kipande cha pili!"

Akabonyeza ajisikilize. Kimya. Akaongeza sauti, akabonyeza tena. Kimya!

Kumbe spika ya sebuleni imejiunga yenyewe na simu yake kwa Bluetooth, bila kuuliza mtu. Wageni wamesikia mara mbili. Mara mbili, Riet!

Anarudi, Femke kamwekea kipande kikubwa: "Karibu mama, na kahawa ya kuchovyea."

Amekula chote, macho chini.

Nimempigia tena, haipatikani. Nadhani kazima simu, kalala.