Jumatatu ya Pasaka Kule Bwawani

Mapera, Mbinga
Jumatano baada ya Pasaka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu tulipoachana? Mguu je, bado unakusumbua unapopanda kwenda kanisani? Mimi ni mzima, isipokuwa mafua, na sababu yake utaiona humu. Usipa ulionitumia umefika, dagaa watamu kweli. Nimegawana na Mwalimu Gertruda, yule tunayekaa naye nyumba moja, na umekwisha. Naomba barua hii usimpe kaka Aidan akusomee. Vaa miwani usome mwenyewe, taratibu.

Jumatatu ya Pasaka sisi walimu tulikwenda kwenye bwawa la umeme, kule juu milimani. Siku hizi kila sikukuu watu huenda huko. Baridi ilikuwa kali na ukungu haukuondoka mpaka saa tano, lakini watu walijaa: watoto na nguo zao za Pasaka, wapiga picha, akina mama wakikaanga mihogo, muziki kila upande. Maji yenyewe ni ya kijani, hayana wimbi hata moja. Nilikaa mbali nayo. Gertruda alinicheka, kwa kuwa tangu tufahamiane nimemwambia kwamba naogopa maji na sijui kuogelea.

Saa nane hivi alitaka apigwe picha ukingoni. Mpiga picha akamwambia arudi nyuma kidogo. Udongo wa pale unateleza. Akaenda moja kwa moja majini, na pale ukikosa tu pa kukanyaga umezama. Watu wakapiga kelele, mmoja akakimbia kutafuta kamba. Mimi sikumbuki hata kuvua viatu. Nilijikuta ndani, baridi ikiniuma mpaka kwenye meno, nikamshika gauni kwa nyuma, nikamvuta akiwa chali hadi wanaume wakatupokea. Alitapika maji, akalia, akafunikwa makoti. Usiwe na wasiwasi, leo anafua nguo hapa uani.

Tulipokuwa tunaota moto aliniuliza nani alinifundisha kuogelea namna ile, na kwa nini nilimficha. Nikamwambia ni baba. Akanivuta karibu, maana anajua baba alifia ziwani. Baadaye akauliza, "Mama yako anajua kwamba unaogelea?" Nikaongeza kuni motoni.

Mama, kuna jambo hujui. Siku baba alipozama akitoka Ngumbo, uliambiwa mimi nilibaki kulekule kwa shangazi Margareta. Si kweli. Nilikuwa naye mtumbwini. Ulikuwa umemkataza kunipakia, nami ndiye niliyembembeleza asubuhi nzima mpaka akakubali. Upepo ulitupindua kabla hatujafika mbali. Mtumbwi ulimpiga kichwani, akawa ameushikilia kwa mkono mmoja. Nilitaka kubaki naye. Akaniambia, "Nenda, usigeuke." Nikaogelea. Nilipokanyaga mchanga niligeuka, nikauona mtumbwi peke yake.

Nilikimbia kwa shangazi nikiwa nimelowa. Alinibadilisha nguo, akaniambia nisikuongezee uchungu, nami nikaona afadhali. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sasa nina ishirini na sita, na shangazi ametangulia, kwa hiyo aliyebaki akikuficha ni mimi tu.

Miaka yote hii umewauliza wavuvi kama alisema neno lolote, nami nakaa palepale jikoni nachambua mchele. Wao hawakuwepo. Alisema hivi, kabla sijamwacha: "Mwambie mama yako kosa ni langu, sikupaswa kukuchukua." Alinituma kwako, na ujumbe nimeuchelewesha miaka kumi na mitano. Tena, mama, kosa halikuwa lake.

Jumamosi nitashuka Liuli. Ukitaka nifikie nyumbani, mwambie kaka Aidan anijulishe, nami nitakuja moja kwa moja. Ukiona bado, nitafikia kwa kaka Aidan nisubiri huko mpaka uniite, wala sitanung'unika. Nimechoka kukuficha, na nina hamu ya kukuona.

Nisalimie kaka na shemeji, na mama Rosina hapo jirani. Gertruda anakuamkia. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi mwanao,
Theodosia