Kitambaa cha Mama

Makoko, Jumamosi, Februari 1998

Haitengenezeki. Fundi redio wa mjini ameifungua ile mashine ya gemu ya marehemu kaka Magesa, akanusa ndani, akasema imeungua kwa joto. "Mlikuwa mnaifunika huku inawaka?"

Mama ndiye aliyekuwa akiifunika. Tangu tumzike Magesa, hata watoto wakiwa wanacheza, alikuwa akija kuitandikia kitambaa chake cha kufuma, vumbi lisiingie.

Nyumbani akaniuliza fundi kasemaje. Nikasema spea hazipatikani, hata Mwanza.

"Basi irudishe pale pale kabatini," akasema. "Ilikuwaga inamfurahisha sana."

Kitambaa alikuwa ameshakifua na kukipiga pasi. Akaifunika taratibu, akanyoosha kila pembe.

Nikamwacha. Sasa haiwezi kuungua tena.