R Inayotembea

Osaka, Japani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma masikio. Kifua chako kimetulia? Na Mama bado anakwenda mbali kutafuta kuni? Nasikia wakimbizi wameongezeka tena na vichaka vya Keza vimebaki vipara. Poleni nyote, na wao zaidi.

Baba, sifukuzwi! Muda wa majaribio umekwisha na nimeajiriwa. Ulisema yule Mjapani mchimba visima, aliyeniona nikiandika vibao vya kambini akanitafutia kazi huku, amenidanganya. Kwamba hakuna nchi inayomlipa mtu kuchora herufi. Ipo! Hapa tunatengeneza michezo ya kuchezwa kwenye televisheni, na maneno yake huundwa kwa vidoti vya mraba. Najaza visanduku, kama vya daftari la hesabu, mpaka herufi itokee.

Bosi, mzee mkali kama pilipili, alitaka herufi ndogo zaidi ili maneno mengi yaenee kwenye kioo. Zote zikakubali isipokuwa R. Mguu wake ulikosa nafasi, ikawa P. Akasema niiache, nani atajali kidoti? Nikakataa, nikijua kwamba aliyenitangulia alibishana naye akakatiwa tiketi ya kurudi kwao. Lakini mchezo una kitufe cha L na cha R. Mtoto akiambiwa abonyeze P si atatafuta mpaka kesho?

Halafu Wajapani nao, l na r zinawapiga chenga kama sisi Wahangaza! Basi nikamsimulia bosi siku niliyochapwa shuleni kwa kuandika "kurara", na maneno yako jioni ile: "L imekaa chini, R inatembea. Kulala ni kutulia, weka L. Kurudi ni kutembea, weka R. Sasa acha kulia, umalize ugari wako."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Nikakitoa kidoti kwenye kichwa cha R, nikakipeleka mguuni, ikatembea. Sasa ofisi nzima mtu akitaja herufi huulizwa: iliyokaa au inayotembea?

Nisalimie Mama, shangazi wa Nyarubungo, dada na ndizi zake za gulio la Nyakahura, na yule mama wa Kirundi mliyempa chumba. Mwambieni namwombea.

Habari kubwa nimeiweka mwisho. Mchezo ukiisha, majina yetu watengenezaji hupanda kwenye kioo. Hapa jina la ukoo hutangulia, nami nikatoa lako. Umeandikwa wewe mbele, HILARI, mimi nyuma yako. Huko makarani wamekuandika Hirali, wamekuandika Hilali, mpaka ukachoka kuwasahihisha. Huku liko sawasawa, kwa herufi za mkono wangu, na kila mtoto atakayeshinda mchezo ule atalisoma. Nilipoliona nililia mbele ya watu, Baba, wala sikuona haya.

Mwanao anayekufuata,
Projesti